Mama Rudia na mshauri wa fedha wa jiji

Saa tatu asubuhi. Ukumbi wa mikutano wa jiji umejaa suti na harufu ya viatu vilivyong'arishwa. Kampuni tatu zinazowania kazi ya kulishauri jiji kuhusu fedha zimekuja kujieleza mbele ya kamati. Ya kwanza haijamaliza hata utangulizi, na mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyeketi ubavuni mwa mwenyekiti, ananyanyua mkono.

"Samahani, baba. Rudia," anasema. "Hapo sijaandika kitu."

Diwani mmoja anaguna. Kiongozi wa kampuni, mtu mzima mwenye sauti ya kusomea taarifa ya habari, anatabasamu na kuyasema maneno yale yale polepole, kana kwamba tatizo ni masikio. Mkono unanyanyuka tena.

Huyu ni karani wa kumbukumbu za vikao, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na tisa. Madiwani wamembandika jina la Mama Rudia, na si wote wanaolitaja kwa mapenzi. Ana sharti moja: asichokielewa hakiandiki. Na kwa taratibu za jiji, kisichoandikwa hakikusemwa.

Zamani hakuwa hivyo. "Nilikuwa kasuku," ananiambia. "Neno likipita nalidaka. Maana yake niliwaachia wenye vyeo."

Aliyembadilisha ni dada yake, muuza nguo za watoto katika soko kuu. Miaka sita iliyopita jiji lilikopa fedha za kulijenga upya soko hilo. Mshauri wa wakati ule aliteuliwa katika kikao kimoja, watu wakiwa na haraka ya chakula cha mchana. Leo soko lina kuta bila paa. Fedha ziliisha, riba ikabaki, na ushuru wa meza umepanda mara mbili.

Siku moja dada mtu alifika kwake na mzigo wa nguo zilizolowa mvua. Hakugomba, aliuliza tu: "Mdogo wangu, wewe ulikuwemo. Kwani mlikubali nini kule?"

"Kila neno nililiandika kwa mkono huu," anasema karani, "na maana yake sikuijua. Niliona aibu."

Sasa jiji linataka kukopa tena ili liezeke paa. Safari hii linapaswa kwanza kumpata mshauri kutoka nje, asiye na upande, aseme kama mkopo unafaa au uachwe. Kampuni inayojieleza ndiyo inayopendwa na wengi, kwa kuwa haidai malipo yoyote ya kuanzia. Nani asiyependa cha bure?

Mkono unaponyanyuka mara ya tatu, kiongozi wa kampuni anaacha kutabasamu. Analegeza tai na kusema kama anayeongea na mama yake sebuleni.

"Mama, iko hivi. Sasa hivi jiji halitulipi kitu. Likishakopa, tunachukua fungu letu humo humo kwenye mkopo."

Karani anaandika. Mwenyekiti, aliyekuwa akipekua simu chini ya meza, anainua kichwa na kuuliza itakuwaje jiji likikopa nyingi zaidi. Anajibiwa kwamba fungu nalo litakua.

"Na mkituambia tusikope?"

"Hapo hatulipwi, Mheshimiwa."

Nami, niliyetumwa na gazeti kuleta habari ya nusu ukurasa, nimeelewa hapo hapo. Tulikuwa tunamkabidhi fisi bucha, tena kwa shukrani.

Kusema kweli, kampuni haikuficha kitu. Sharti hilo limo kwenye zabuni yake, na wajumbe walilisoma kwa lugha yake ngumu wakalipita. Lakini baada ya hapo wanaziuliza kampuni zote swali lile lile. Jioni wanaichagua ile inayotaka malipo yasiyobadilika, jiji likope lisikope, ingawa inaanza kwa gharama kubwa.

Usidhani Mama Rudia alipigiwa makofi. Kesho yake katibu wa jiji alimwita na kumweleza kwamba amewachosha wageni na kukichelewesha kikao. Kuanzia mwezi ujao mashine itarekodi vikao, naye atahamia ofisi ya makaburi.

"Huko wateja wangu hawasemi haraka," ananitania.

Kisha anavua miwani na kukiri kwamba inamuuma. Atakosa posho za vikao, ambazo ni robo ya kipato chake na ndizo zinazomsomesha binti yake wa mwisho. Kinachomuuma zaidi ni kwamba mwezi ujao ndipo mshauri mpya ataleta jibu lake kuhusu mkopo. Ameomba aachwe kwenye kiti chake mpaka kikao hicho kipite. Bado hajajibiwa.

"Sina ugomvi na mashine," anasema. "Inasikia kuliko mimi. Ila haiwezi kusema haijaelewa."

Mumewe, fundi cherehani, angependa anyamaze amalizie salama miaka mitatu iliyobaki kabla ya kustaafu. Akimkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mkewe humjibu kwamba guu lenyewe ni lake.

Nilimuuliza atafanya nini akikataliwa. Hakusita hata kidogo. Ameshaomba likizo ya siku ile, na dada yake atafunga meza waende pamoja. Wataketi kwenye viti vya wananchi, ambako kila mtu anaruhusiwa swali moja.

"Langu ninalo tayari," anasema. "Jiji likishindwa kulipa, atakayelipa ni nani? Na sitoki mle ndani mpaka nipate jibu ambalo dada yangu atalielewa."