Kabla ya Kulitaja Jina la Sixten

Nakumbuka asubuhi moja ya Machi, theluji ikiwa imeshachakaa na kuwa tope, Bwana Hedlund, msimamizi wetu, aliponisimamisha mlangoni mwa kiwanda cha uchapaji na kuniambia nifungue mkoba. Nikafungua. Mlikuwa na mkate, soksi kavu na kamusi. Akaitikisa ile kamusi kana kwamba kitu kizito kingeweza kudondoka katikati ya kurasa. "Asante, Elias," akasema kwa adabu zote. Wenzangu walipita nyuma yangu, wala hakuna mwingine aliyefunguliwa mkoba.

Mwanangu, wewe umezaliwa hapa Stockholm, lakini Stockholm ya mwanzoni mwa miaka ya sabini hukuiona. Nilikuwa nimeletwa kutoka Morogoro kujifunza uchapaji, na kiwandani mle Mwafrika nilikuwa peke yangu. Siku hizo herufi za magazeti zilisubiwa kwa risasi. Sisemi risasi ya bunduki. Nasema madini yenyewe, yale mazito ya kijivu. Kiswahili chetu kimeyapa yote mawili jina moja. Gazeti likishachapwa, herufi zilirudishwa chunguni, zikayeyushwa na kumiminwa upya. Kazi yangu ilikuwa kubeba: vipande vipya kuvipeleka kwenye mashine, na mapipa ya takataka kuyapeleka uani.

Basi risasi ikawa inapungua. Kila walipopima, mizani ilisema kuna iliyopotea, na risasi haina miguu. Hakuna aliyenitukana, la. Waswidi hawana papara ya matusi. Ila niliona makoti yanahamishwa kutoka kwenye msumari ulio jirani na wangu, na mazungumzo ya kahawa yanakatika nikivuta kiti. Afadhali anayekuita mwizi ukamjibu, kuliko anayekunyamazia.

Ndipo Berit, mama mmoja wa chumba cha kujalidi, akaninong'oneza ngazini: "Mwangalie Sixten. Ana bunduki za kizamani nyumbani. Kila Jumamosi anayeyusha risasi bandani kwake huko Spånga."

Huyo Sixten alikuwa mpangaji herufi, mzee wa kukaribia kustaafu, ambaye kwangu hakuwahi kuvuka salamu. Na wiki ileile, kabla ya maneno ya Berit, alikuwa amenijia mashineni akasema, "Jumamosi njoo kwangu. Kahawa ipo." Nilikuwa nimemjibu kwamba nitaona. Sasa nikaanza kupiga hesabu moyoni. Mtu aliyeninyamazia miezi yote ile, ananialikia nini leo? Dalili ya mvua mawingu.

Ijumaa Bwana Hedlund akaniita ofisini, akafunga mlango. "Wewe unazunguka kila chumba," akasema. "Nipe jina la mtu Jumatatu, na sitakuwa na haja ya kuwaambia waliokuleta wakurudishe."

Mwanangu, jina nilikuwa nalo. Lilikuwa limekaa kwenye ncha ya ulimi kama punje ya mtama.

Jioni ile nikapanda treni hadi Hagsätra, mwisho wa reli, kwa Mzee Mbwana. Alikuwa mtu wa Tanga, aliyefika huku na meli akichochea makaa, akaoa, akabaki. Sisi vijana tulimfanya baba. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, nikamweleza yote, na nikamaliza kwa kusema, "Lisemwalo lipo, mzee."

Akaweka kikombe chini. "Umemwona akichukua?"

"Sikumwona. Ila nimeambiwa anayeyusha risasi, na risasi inapotea."

"Kwa hiyo una masikio mawili na macho huna." Sauti yake ikawa kali, na haikuwa desturi yake. "Wanakutazama wewe kwa rangi yako, inakuuma. Wewe unamtazama yule kwa Jumamosi zake, haikuumi? Mtu amekuita nyumbani kwake. Nenda. Kunywa kahawa yake, tazama mikono yake. Ukikuta ni mwizi, utasema ulichokiona. Lakini ukimtaja mtu ambaye hujakaa naye, usirudi hapa kuniamkia."

Nikaenda. Siwezi kusema nilikwenda kwa moyo mweupe. Nilikwenda kama paka aliyeitwa kwenye nyumba ya mbwa.

Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, mlango wazi japo baridi ilikuwa ya kukata masikio. Sixten alikuwa ameinamia jiko la gesi, na juu ya jiko chungu kidogo cha chuma. Kabla sijavuka kizingiti akanyoosha mkono: "Vua koti."

"Sisikii joto," nikasema.

"Lina theluji. Tone moja la maji likiingia humu, chungu kitatutemea usoni. Lete."

Nikalivua shingo upande. Akalichukua, akalikung'uta nje, akalishika kwa muda mrefu kuliko koti linavyohitaji kushikwa. Nikajisemea: anapandikiza kitu mfukoni. Kikulacho ki nguoni mwako.

Akarudi kwenye kazi yake, nami nikasimama nikitazama. Chunguni risasi iling'aa kama kioo, juu imetanda utando mweusi. Akadondosha kipande cha nta, moshi ukafuka, akakoroga taratibu kama anayesonga uji. Kisha akachota kwa upawa, akajaza kalibu lenye mipini ya mbao, akasubiri risasi igande, akagonga kwa rungu dogo, akalifungua. Juu ya taulo ikadondoka risasi nene kama kidole gumba, yenye mifereji ubavuni. Akaigeuza kwenye mwanga, akaona kakunjo ambako mimi sikukaona, akairudisha chunguni.

"Ni za bunduki za zama za babu yangu, zile za baruti nyeusi," akasema. "Tunalenga shabaha za karatasi. Hakuna kiumbe anayekufa."

Chini ya meza kulikuwa na rundo la vipande vya risasi. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikakwaruza kimoja kwa ukucha. Ukucha ukazama. Mwanangu, ile ya kiwandani nilikuwa nikiibeba kila siku. Ilichanganywa iwe ngumu, ukucha ungeisugua hadi uvunjike.

Nilipoinuka, Sixten alikuwa akinitazama.

"Ni mabomba ya maji ya kale," akasema. "Bunduki hizi zinataka risasi laini. Ile ngumu ya kiwandani hainifai kwa lolote. Ulikuja kuangalia hilo, sivyo?"

Nikakosa pa kuweka uso. "Ndiyo," nikasema. "Hedlund anataka nimpe jina."

Akaweka upawa chini. "Nami ameniambia hivyohivyo," akasema. "Jina, Jumatatu. La sivyo nistaafu mapema. Unadhani nilikualika kwa nini? Nilitaka nikuone. Na koti lako nimelipapasa mifuko yote."

Tulitazamana, wezi wawili wasioiba kitu. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, nami nikamfuata, ingawa kicheko changu kilikuwa na machozi karibu.

Tukanywa kahawa hukohuko bandani. Alipomaliza kukoroga nta mara ya pili, akakusanya utando mweusi kwa kijiko, akautia kwenye kopo. Nikalinyanyua kulisogeza, nikashangaa.

"Mbona jepesi?"

"Ni majivu tu. Nta inarudisha risasi chunguni."

"Mapipa ya utando wa kiwandani ninayotoa uani yananivunja mgongo. Tena tangu majira ya baridi yamezidi."

Sixten akatua kikombe. "Wanakoroga kwanza? Wanatia nta?"

Nikafikiri. Zamani chumba cha kuyeyushia kilijaa moshi ule. Siku hizi hakikuwa nao. Bwana Hedlund alikuwa ameagiza waache kukoroga, wachote utando upesi ili mashine zisisubiri. Risasi nzuri ilikuwa inatolewa nje mapipani pamoja na utando, na mbebaji alikuwa mimi, kila siku, mbele ya macho ya watu wote.

Jumatatu tukaingia ofisini pamoja, mzee na kijana. "Tumekuletea pipa badala ya jina," Sixten akasema. Likayeyushwa kwa nta, na risasi ikatoka humo kwa wingi, safi. Bwana Hedlund aliitazama, akasema, "Jaha," neno lao la kupokea jambo bila kulikubali, akarudi mezani kwake. Radhi hakuomba. Mkoba wangu haukufunguliwa tena, ila makoti mengine hayakurudi karibu na langu hadi nilipohitimu. Shaka ikishapita kwa watu, hata ukweli haufagii yote.

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Dunia hii asiyeshuku huuzwa pamoja na mbuzi wake. Lakini shaka ni njaa, na njaa haichagui chakula. Itakulisha jina la yeyote aliye karibu. Mwenye cheo akikuomba jina la mwenzio, jiulize nani mwingine ameombwa lako. Uliyesikia habari zake, mwendee, ukae naye, umwulize ana kwa ana, hata kama sauti inakutetemeka. Mdomo huponza kichwa, na mara nyingi kichwa chenyewe ni cha mtu mwingine.

Nenda sasa, kazi inakungoja. Mola akupe jicho la kuona na subira ya kutazama mara ya pili. Ulimi wako usiwe kamba ya shingo ya mtu, wala shingo yako isiwe ya kamba ya mtu. Amina.