Shangazi na Habari ya Mtoni

Miaka ya sabini, kule Majimoto, mamba alimchukua mume wa shangazi yangu mtoni. Kwa huruma, sote tukapiga marufuku jambo hilo kutajwa nyumbani. Shangazi akianza kulisema, mama humkatiza: "Tuyaache hayo, wifi." Shangazi akanyamaza, akakonda, hata beseni la maji akawa analikwepa.

Muuguzi wa zahanati ya misheni alitugombeza. "Nyie ndio mnaomziba mdomo. Mwacheni aseme, hata mara mia."

Nilimkasirikia. Niliona anataka kumtonesha kidonda tu.

Kila Jumamosi muuguzi alikuja kuketi nasi tukitwanga mpunga. Shangazi alisimulia, akalia, akashika mchi tena. Wiki iliyofuata, yale yale. Nilichoka kusikia, nikawa natwanga kwa nguvu ili nisimsikie.

Jumamosi moja baada ya mavuno, aliongeza jambo jipya: asubuhi ile mumewe alimcheka kwa kuvaa blauzi kinyume. Shangazi akaangua kicheko, kile nilichokuwa nimekisahau kabisa. Kisha akachukua ndoo, akaniambia, "Twende mtoni."

Mimi ndiye niliyeogopa.