Nilifuta herufi M, nikafuta batoto wanaume wote

Nilibonyeza «remplacer tout», badilisha zote, bila kuchagua kolone, ni kusema safu. Ujinga wangu njo huo, nauweka mbele kabisa ili musianze kunihurumia. Nilibonyeza, nikaona nimeharibu, nikacheka!

Jina langu sitaandika. Nasoma mwaka wa tano ya sekondari huku milima ya Masisi, option informatique, mambo ya kompyuta, mu masomo yenye iko na mashini moja tu kwa darasa nzima. Mwezi ule hatukuwa tunasoma. Wakimbizi wa Walikale walikuwa wanalala mu madarasa yetu, vita imewafukuza Kibua, Buleusa, wapi na wapi. Miye nilikuwa nazungukazunguka tu na kuchokoza watu. Basi Papa Titulaire, infirmier mukubwa, muuguzi wa centre de santé yetu, kituo cha afya, akaniita.

«Weye kijana wa kelele, wanasema unajua mashini. Kuja unisaidie, kabla hujachoma kijiji.»

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Alikuwa amekopia kitabu ya registre ya batoto wenye utapiamlo mu fichier ya mashini: jina, umri, sexe, kilo. Wakubwa wake wa Goma walikuwa na logiciel, programu ya kuhesabu, na kwenye umri hiyo logiciel inataka namba tupu. Lakini Papa Titulaire, kwa mazoea ya kalamu, alikuwa ameandika «9 M», «14 M». M ya mois, miezi.

«Toa hizo M kwenye umri,» akaniambia, «kisha nitume. Kufuatana na hiyo hesabu njo watatuletea pâte ya karanga ya kulisha batoto.»

Nizifute moja moja? Miye? Na wenzangu wananingoja ku mpira! Nikaambia mashini: tafuta M, usiweke kitu pahali pake. Paa!

Zikaisha zote. Hata zile za mu majina! Muhindo akawa uhindo. Mapendo akawa apendo. Kambale akawa Kabale. Masisi yenyewe, ya kule juu ku kichwa ya fichier, ikawa asisi! Nilicheka mpaka machozi. Kurudisha ilikuwa kubonyeza mara moja tu. Lakini nikajisemea: Goma wanahesabu kilo, hawasomi majina, acha nao wacheke. Nikafunga, nikakimbia ku mpira. Papa Titulaire akatuma.

Mjinga! Mjinga wa mwisho! Kwenye sexe, basichana walikuwa wameandikwa F. Na batoto wanaume? M! M ya masculin! Ile kolone sikuiangalia hata kidogo. Na ile logiciel, shetani ile, ikikuta pahali patupu inatupa mustari muzima. Haipigi kelele, haiulizi, inatupa tu! Muntu mwenye akili angeuliza: kwani Masisi siku hizi hawazai wanaume? Hakuna mwenye aliuliza. Wakapiga hesabu ya basichana, wakasaini, wakapakia katoni.

Siku katoni zilifika na liste yake, Papa Titulaire akasimama ku mulango, akaanza kuita.

«Furaha!»

Mama Furaha akasogea. Alikuwa ametoka Buleusa kwa miguu na mapacha wake, Furaha musichana na Baraka mwanaume. Mama yangu njo aliwapokea, wakawa wanalala mu jiko yetu.

«Furaha huyu, Papa. Na Baraka?»

«Baraka haiko ku liste, Mama.»

«Haiko namna gani? Mu tumbo walikuwa pamoja, ku liste munabatenganisha?»

Papa moja wa Butembo, mwenye duka pale karibu, akarusha neno: «Mama, ku biro ya Goma iko bamama tupu, habataki banaume!»

Watu wakacheka. Na miye nikacheka. Papa Titulaire akageuza karatasi, akageuza tena, akasema polepole: «Lakini... hakuna mwanaume hata mumoja hapa.»

Nilielewa pale pale.

Nikanyamaza! Siku kumi muzima nilinyamaza! Kubonyeza ilikuwa utoto. Kunyamaza, nilikuwa najua nafanya nini. Kila asubuhi, miye na kikombe yangu ya chai, naangalia Mama Furaha anapasua sachet moja ya ile pâte: nusu ya Furaha, nusu ya Baraka. Nusu haiponyeshi muntu! Furaha akaacha kuongeza kilo. Baraka akavimba miguu.

Nilipoona ile miguu, nikaenda kwa Papa Titulaire nikatapika yote. Akatoa miwani.

«Nikupige? Nikikupiga utaona umelipa.»

Akaketi, akarekebisha fichier mustari kwa mustari. Lakini antenne ya réseau, munara ya simu, ilikuwa imeangushwa mu mapigano, na njia ya gari imefungwa. Fichier safi, kila kitu pahali pake, na hakuna pa kuipitisha! Nililaani wenye bunduki wote, wa huku na wa kule. Lakini bunduki haikubonyeza ile mashini. Kidole iko yangu.

Mama yangu nikamwambia pia. Alichukua kitenge, akanifunga Baraka mu mugongo, tukashika njia ya miguu kwenda hospitali ya Kirotshe: miye, yeye, na Mama Furaha amebeba Furaha. Siku mbili. Mutoto alikuwa mwepesi kuliko mufuko yangu ya masomo. Kila akinyamaza kidogo nilimtikisa, ili alie.

Ninyi wenye kushika fichier za wagonjwa, ku centre, ku biro, popote, munisikilize! Kila mustari iko muntu, na mama yake iko inje anangoja. Chagueni kolone. Angalieni zingine kabla ya kutuma. Na ukiharibu, sema siku ile ile, hata wakuchape!

Kule hospitali wakamuwekea Baraka sérum, maji ya mu mushipa. Mama Furaha hakujua kitu. Alifikiri nimebeba mutoto wake kwa roho muzuri. Akanishika mukono na mikono yake mbili, akasema: «Aksanti, mutoto yangu. Mungu akuongezee.»

Miye nikaangalia chini. Mama yangu alingoja Mama Furaha aniachilie mukono, kisha akasema:

«Umuambie. Sasa hii, kabla hajakushukuru tena.»