Sikio la Fundi

Huyu fundi wa kabureta ana mkono mzito na mdomo mwepesi. Skrubu ya kupimia petroli anaizungusha kama anafungua kopo, redio inapiga kelele, gari linanguruma, naye anacheka: “Nguvu hiyo, bibi!” Nguvu gani? Gari langu linabugia petroli kama mlevi, na jana lilimwacha njiani dada yangu mgonjwa, tanki kavu, akipelekwa hospitali; ikabidi arudishwe nyumbani.

Leo nimemkuta anarekebisha gari lake mwenyewe. Redio kazima. Kainama, katega sikio, bisibisi kaishika kwa vidole viwili, injini inapumua kama mtoto aliyelala.

“Kumbe sikio unalo!”

“Bibi, hili mafuta yake nanunua mimi.”

Hana hata haya! Nikafungua mlango wa gari lake, nikakaa.

“Basi twende. Dada yangu bado hajafika hospitali.”