Kauboi watano wa Kaloleni na yule wa kubaki na farasi

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisumu, jua limewaka mpaka mabati yanalia.

Juzi hapa kuna mtu aliuliza mbona sisi wazee tunapenda zile movie za kauboi za kitambo, zile za genge la watu watano wanaenda kuokoa kijiji cha wenyewe. Vijana mkacheka. Mmoja akasema ni movie za watu wa kusinzia kwa kiti.

Sawa. Nimekuja kujibu. Haya yamenitokea mimi mwenyewe na sina sababu ya kuongeza chumvi. Mwenye haraka apite tu.

Mimi ni fundi wa TV na redio, Kaloleni. Nimezaliwa hizi nyumba za council na bado niko hapa. Watoto walienda zao, mama yao alitangulia. Jioni ni mimi na TV za watu, nyingine hata wenyewe wamesahau kuzichukua.

Tukiwa wadogo kulikuwa na lori moja lilikuwa linakuja kutangaza sabuni. Wanafunga shuka nyeupe kwa nguzo mbili pale uwanjani, wanawasha jenereta, wanatuwekea movie ya bure. Ilikuwa ni moja tu. Kila wakija ni ileile, na kila wakija estate nzima iko pale.

Kiingereza chao hatukushika hata kidogo. Wale watu wanaongea kama mtu ako na ugali mdomoni. Kwa hivyo maneno tulijitungia.

Tulikuwa watano na kila mtu alijichagulia wake. Okoth alikuwa kiongozi, yule wa kuzunguka akitafuta wenzake mlango kwa mlango. Swaleh, nyumba ya nyuma yetu, alikuwa wa kisu, haongei. Owiti alikuwa wa bastola mbili. Jeet, mtoto wa Mhindi wa duka la hardware mjini, alikuwa yule mwenye kofia, kwa sababu ni yeye pekee alikuwa na kofia.

Mimi nilikuwa na pumu. Kukimbia siwezi. Wakanipa yule jamaa wa kubaki na farasi.

Yawa, nililalamika! Wenzangu wanaenda vita nyuma ya social hall, mimi nimesimama na baiskeli ya Jeet na vijiti vinne, nangoja. Okoth ananiambia, "Odhi, usitoke hapo. Ukitoka tutarudi na nini?"

Sasa sikizeni hapa. Ile movie haikuwa na mwisho. Reel ya mwisho ilikuwa imeharibika, so ikifika pale watano wamepanga mstari mmoja, wanashuka mlima kwenda kijijini, mwenye lori anazima, anaanza kuuza sabuni. Sisi tulijua ndio mwisho. Tulienda nyumbani tukiwa tumeshinda. Hakuna mtu amekufa.

Miaka ikaenda. Jeet akahamia Canada na familia yote. Owiti, Nairobi, ofisi kubwa. Swaleh akafungua duka la spare Nakuru. Okoth ndiye alibaki karibu, alikuwa na mashua zake Dunga, na boma lake aliweka kwao Nyakach, mbele kidogo ya Katito. Tulikuwa tunaonana, lakini mnajua vile maisha ya mtu mzima iko. Ni kupigiana horn tu barabarani.

Halafu mteja mmoja akaniletea flash ya movie za zamani nimwekee kwa TV. Nikaiona. Ile yenyewe! Nikafunga duka mapema nikaiangalia peke yangu, mpaka mwisho.

Wanakufa, wakuu. Wanne wote. Kiongozi ndiye wa kwanza. Yule wa farasi anangoja, anangoja, halafu anarudi barabarani akivuta farasi wanne hawana watu.

Nilijiwekea kopi, nikazima. Sikuambia mtu. Ningeambia nani?

Mwaka huu Okoth akaugua, na hakukaa sana. Tukampoteza.

Kwa wale si wa huku, mwanaume mzima akifa, Wajaluo tuko na kitu inaitwa tero buru. Kabla ya mazishi wanaume wanatoka na ng'ombe, mikuki na matawi, wanakimbia mpaka mtoni kufukuza kifo kitoke kwa boma, wanapiga kelele wakiita majina ya sifa. Siku hizi hata boda boda ziko ndani. Kila kikundi kinaingia na dume lake kwa geti: mashemeji, watu wa kazini, marafiki.

Nikasema hapana. Watu wa Kaloleni lazima waingie kama kikundi. Watano hawawezi, lakini wanne tunaweza. Okoth alituzungukia mlango kwa mlango tukiwa watoto, sasa ni zamu yangu kumzungukia.

Nikaanza kupiga simu.

Jeet alilia mpaka nikamwonea huruma. Kusafiri haikuwezekana. Huyo sina neno naye, kuna bahari katikati.

Owiti akaniambia, "Bro, wacha nicheki calendar." Ati calendar! Baadaye akatuma mchango kwa simu, na ile picha ya mshumaa.

Swaleh hakuniuliza swali. Alisema tu, "Tunatoka saa ngapi?"

Wakuu, nyinyi hamjui hiyo sentensi inafanya nini kwa mtu anakula peke yake kila siku. Nilitembea hii estate nikicheka kama mjinga. Nilifua shuka za kitanda cha wageni.

Siku moja kabla ya safari, binti yake akapiga. Swaleh ako na sukari, mguu umekataa, daktari amesema hakuna kusafiri. "Baba amefunga begi," akaniambia. "Amekaa nayo hapa mlangoni, amekataa kuitoa."

Nikamwambia ampe pole, amwambie tutamwakilisha. Hiyo "tu" niliisema nikijua vizuri ni mimi peke yangu.

Nikaazima dume kwa binamu yangu Katito nikaenda.

Pale geti kulikuwa na jamaa wa maiki anaita vikundi. "Watu wa Dunga!" Wakaingia kama mafuriko, wamebeba mpaka makasia. "Mashemeji!" Vumbi, vuvuzela, madume matatu.

"Watu wa Kaloleni!"

Nikaingia. Mimi, kamba, dume na tawi moja.

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Mama mmoja akaniuliza, "Baba, wengine wako nyuma?"

Nikasema, "Wako nyuma."

Na mnajua nini? Niligeuka kuangalia. Mimi mtu mzima, mwenye mvi. Kwa movie mtu akisimama hivyo peke yake, huwa vumbi linatokea mbali, halafu kofia, halafu mwingine kando yake. Vumbi lilitokea kweli kwa barabara ya Katito. Lilikuwa lori la mchanga, likapita.

Tukatoka kwenda mtoni. Wenzangu walishanipita zamani, nasikia tu honi za boda mbele. Pumu yangu nayo ikaamka. Lakini tero buru huwezi kufanya kimya, lazima uite majina na wenzako waitike. Nikaita. "Wa Kisu!" Nikaitika mwenyewe, "Niko!" "Wa Bastola Mbili!" "Niko!" "Wa Kofia!" "Niko!" Nikafika kwa Okoth sauti ikaisha. Nikasimama katikati ya shamba la watu nikalia, na lile dume linanitazama.

Baada ya mazishi mjane wake, Mama Atieno, akaniita kando. Tulikuwa tumesalimiana mara chache tu maishani.

"Wewe ndiye wa farasi," akasema.

Nikashtuka. "Umejuaje?"

"Si alikuwa ananionyesha hiyo movie kila Jumapili! Kwa simu. Huyu ni Swaleh, huyu ni Owiti, huyu ni Mhindi wetu. Wewe alikuwa anasema, huyu msimcheke, bila huyu hakuna mtu anarudi nyumbani. Nilipokuona na hiyo kamba nikajua."

Nikamuuliza polepole kama walikuwa wanaiangalia mpaka mwisho.

"Ndiyo. Wakishuka mlima anazima, anasema tukale." Akanitazama. "Ama kuna kingine?"

Wakuu, simu ilikuwa na movie nzima. Mtu hawezi kuiangalia kila Jumapili asijue kuna kipande kimebaki. Okoth alijua. Aliamua tu.

Nikamwambia, "Hapana mama. Inaisha hapo."

Kisha nikarudisha dume la wenyewe. Kutoka pale mpaka Katito kwa miguu, mimi na kamba mkononi.

Kwa hivyo nyinyi vijana, jibu langu ni hili. Zile movie hatupendi bastola. Tunapenda ile nusu ya kwanza, mtu mmoja anabisha mlango na wa ndani anachukua kofia yake. Upweke hautoki kwa kukosa watu, hapa Kaloleni watu wamejaa. Unatoka kwa kukosa wale wanaoweza kukuambia tunatoka saa ngapi. Kama watu wako bado wapo, wabishie mlango sasa, wakiwa na miguu ya kuja.

Semeni mnachofikiria hapo chini, hata wa kucheka mcheke, nitasoma zote maana nafasi ninayo.

Jumapili naenda Nakuru. Swaleh hajawahi kuiona ile movie tangu lile lori, na begi yake bado iko mlangoni. Nimemwekea kwa flash. Nimekaa na kompyuta ya mteja nikaikata palepale walipokuwa wanaikata wale wa sabuni, watano kwa mstari, wanashuka mlima.

Kama kuna mtu hapa anamjua Swaleh wa spare, tafadhali asimwonyeshe huu uzi.