Mita Nne Kwenda, Mita Nne Kurudi

Mtaa mzima ulimwita Bi Brashi, na wengi hawakuwa na habari kwamba wazazi wake walimpa jina jingine. Ukiingia kwa barabara ya juu, ukapita kwa kinyozi, kwa fundi viatu, kwa muuza vioo, hadi duka la dawa la pembeni, ulikuwa umesoma maisha yake yote ukutani. Bango la kinyozi aliliandika akiwa bado msichana wa kuosha brashi za mjomba wake. Litazame vizuri: herufi ya mwisho imebanwa ukingoni kama mgeni aliyekosa kiti, maana hakupima nafasi kabla ya kuanza. Mjomba hakumfokea. Alimpa uzi uliopakwa chaki, akamwambia, "Jicho lina kiburi. Uzi hauna." Tangu siku hiyo Bi Brashi hakuandika hata neno moja bila kuvuta uzi kutoka upande hadi upande na kuufyatua, ukaacha mstari mweupe wa kumwongoza.

Sasa mkono wake ulianza kutetemeka.

Ulianza na kidole gumba, taratibu, kama mlango unaotikiswa na upepo. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini yeye alificha. Aliacha herufi nyembamba, akaandika nene, kwa sababu unene husitiri mengi. Wateja wakausifu mtindo mpya. Alishukuru, akautia mkono mfukoni.

Aliyemficha zaidi ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye walifungua naye duka la mabango. Wifi alikuwa karani wa shule zamani. Alijua kompyuta, na alijua zaidi kuongea. Angeweza kumuuzia bango mtu aliyeingia kuuliza saa. Bi Brashi alisema moyoni: siku wifi akijua, sitakuwa fundi tena. Nitakuwa mgonjwa anayekaa dukani.

Ndipo Sista mkuu wa zahanati mpya alipokuja, viatu vyake vikilia sakafuni kama vina haraka kuliko yeye.

"Nusu ya wagonjwa wangu hawasomi," alisema. "Wakiuliza njia, wanajibiwa kwa kidevu. Nataka kanda za rangi ukutani, toka mlango mkubwa mpaka chumbani. Buluu kwa watoto, kijani kwa wajawazito, njano kwa macho. Na ndani ya ukanda kuwe na picha na mishale."

"Vibao havitoshi?" wifi aliuliza.

"Asiyesoma si mjinga, mama. Mjinga ni ukuta usiotaka kusema naye."

Bi Brashi aliipenda kauli ile mpaka mwili ukamsisimka. Lakini kuta za zahanati huoshwa kwa dawa kila asubuhi, rangi isingedumu. Ilitakiwa stika, ile plastiki nyembamba yenye gundi nyuma, ikatwe vipande virefu vya mita nne nne, mamia ya picha zinazofanana kama mapacha. Mkono wake usingeweza. Hata mkono wa ujana wake usingeweza. Ilihitajika mashine ya kukata, na uwezo wao ulikuwa wa mashine moja tu, wala hapakuwa na nafasi ya kukosea. Wakichagua vibaya, kazi ingekwenda kwa wengine, na yeye angebaki na brashi asizoweza kuzishika.

Asubuhi ya pili wakaenda dukani kwa muuza mashine, kijana mwenye shati jeupe lililonyooshwa mpaka mikunjo yake ingeweza kukukata.

"Karibuni, mama zangu. Msihangaike kutafuta, chaguo ni hili hapa."

Mashine yenyewe ilikuwa pana, nyeusi, yenye kioo cha kugusa na taa za rangi tatu. Kijana akabonyeza. Kisu kikakimbia, kikakata nyota, kikakata ua, kikaandika "Karibu" kwa mikia na madoido.

"Wifi!" wifi akapiga makofi. "Hii inajua hata kucheza!"

Bi Brashi alilitazama ua. Lilikuwa zuri kweli. Akafungua mkoba, akatoa uzi wake wa chaki.

"Mwanangu, toa kisu, weka kalamu."

"Kalamu? Mama, hii ni ya kukata."

"Najua. Nataka kuijaribu miguu, meno baadaye. Ichore mstari mmoja, mita nne kwenda. Halafu irudi juu ya mstari huohuo, mita nne kurudi."

Kijana akacheka. "Hakuna mteja anayejaribu hivyo."

"Labda ndiyo sababu wanarudi kulalamika," wifi akadakia. Ua alikuwa amelipenda, lakini mbele ya watu hakuwa wa kumwacha mwenzake peke yake.

Mashine ikaanza kuivuta karatasi, rola zikazunguka, kalamu ikaenda na kurudi. Mita ya kwanza, mstari mmoja. Ya pili, mmoja. Kwenye mita ya tatu ikawa miwili.

"Haya basi," wifi akasema. "Wametoka pamoja kama maharusi, wamerudi kila mtu na njia yake."

"Ni karatasi, imekaa upande," kijana akajitetea.

"Inawezekana," Bi Brashi akasema. "Hata mashine ina haki ya kusikilizwa mara mbili." Akaipanga karatasi mwenyewe, akavuta uzi kuhakikisha imenyooka. Kalamu ikaenda, ikarudi. Mistari ikaachana tena, safari hii kwa upana wa kidole.

Kijana akaizima mashine. Kisha, na hili Bi Brashi alimheshimu nalo, akasema kweli. "Hii wanaipenda wanaokata stika ndogo, za vikombe, za helmeti. Huko haina neno. Lakini kwa mita nne..." Akakuna kichwa, akaenda pembeni, akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na mashine ya kijivu, nyembamba kidogo, yenye rola nzito za chuma na vitufe vinne tu. "Hii hainunuliwi. Haina sura."

"Haina sura?" wifi akasema. "Hata huyu wifi yangu alipoletwa nyumbani tulisema hivyohivyo."

"Na huyo kaka yako mlimwona ana sura?"

Wakacheka wote, hata kijana, ambaye hakujua kama anaruhusiwa.

Mashine ya kijivu ilitembea polepole, bila taa wala mbwembwe. Ilipomaliza, karatasi ilikuwa na mstari mmoja. Bi Brashi akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Mmoja. Akamshikisha wifi ncha ya uzi, akaufyatua, na chaki ikadondoka juu ya wino ule, ikaufunika wote.

"Sasa meno," akasema.

Kijana akarudisha kisu, wakakata picha ndogo ya jicho. Bi Brashi alipoibandua, ikatoka na karatasi yake ya nyuma, imetobolewa tundu mpaka upande wa pili.

"Kisu kimetoka mno. Kinatakiwa kikate ngozi, kisiguse nyama."

Akakishika kifuniko kidogo cha kisu akizungushe kidogo tu, unene wa unywele. Vidole vikakataa. Vikatetemeka mbele ya kijana, mbele ya wifi, mchana kweupe. Kifuniko kikamponyoka, kikaviringika chini ya meza.

Bi Brashi alihisi masikio yakimwaka. Wifi akapiga magoti, akakiokota kifuniko, akamwekea kiganjani. Kisha akamshika kifundo cha mkono kwa chini, imara, kama mtu anayeshikilia ngazi.

"Zungusha. Nimekushika."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu bango la muuza vioo. Wewe unadhani matone chini ya ngazi hujifuta yenyewe? Mwezi wa saba huu natembea na tambara."

"Mbona hukusema?"

"Niseme ili unirushie kopo la rangi? Zungusha kisu, wifi. Mwenye duka anataka kula."

Akazungusha. Mkono haukujua kunyooka tena, lakini ulikuwa bado unajua uzito, ule ule wa kukandamiza brashi bila kukwaruza ukuta. Wakakata jicho jingine. Akalibandua kwa ukucha, likatoka peke yake. Akapapasa karatasi ya nyuma. Ilikuwa nzima.

"Miaka mitatu nauza hizi," kijana akasema, "na sijawahi kukisikiliza kisu namna hiyo."

"Hujawahi kuharibu bango la kinyozi," Bi Brashi akamjibu.

Waliichukua ya kijivu. Kila asubuhi, mkono ukiwa umetulia, Bi Brashi alichora kwenye karatasi kubwa: mshale, tumbo la mama, jicho, mtoto. Wifi alizipiga picha kwa simu, akaziingiza kwenye kompyuta. Nywele za mtoto zilitoka na mawimbi ambayo fundi hakuyakusudia. Alitaka kuzifuta.

"Ziache," wifi akasema. "Mtoto gani ana nywele zilizonyooka kama rula?"

Walikuwa bado juu ya ngazi pale zahanati, ukanda wa buluu umekwisha na wa kijani unasubiri, alipoingia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Akamtazama mlinzi, akafungua mdomo kuuliza. Kisha akamwona mtoto wa ukutani. Akaufunga mdomo. Akaweka kidole juu ya ukanda na kuufuata, akapita chini ya ngazi yao, akakata kona, na wakasikia akibisha mlango uliokuwa ndio wenyewe. Hakuwa ameuliza mtu.

Bi Brashi aliutoa mkono mfukoni. Ulikuwa unatetemeka, na akauacha utetemeke. Akampa wifi ncha ya uzi.

"Shika hapo. Na usitikisike."

"Nani anatikisika hapa?" wifi akauliza, na wakacheka mpaka ngazi ikalia. Kisha uzi ukakazwa, ukafyatuliwa.