Samli Niliyoipeleka Kimihurura

Aibu hii naiandika mwenyewe kabla majirani zangu wa Remera, hapa Kigali, hawajamaliza kuisimulia, maana kila mmoja ameiona kwenye simu na kila mmoja anaongeza chumvi yake, wakati chumvi ya kutosha niliitia mimi.

Mjukuu wangu Divine, niliyemlea tangu mama yake afariki, alimaliza chuo, masomo ya uongozi wa serikali za mitaa (msiniulize yanafundishwaje, mimi shule niliiacha nikiwa nimejifunza kusoma na kukaripia tu). Chuo chao kina chama cha waliomaliza zamani, ambao sasa ni wakubwa huko wilayani, na kila mkubwa huchukua kijana mmoja mpya akamfundisha kazi mpaka asimame. Siku ya kuwagawa vijana sisi wazazi nasi tulialikwa, ukumbini mtaa wa Kimihurura. Mimi nilitaka jambo moja tu: Divine abaki Kigali. Jioni ndiye aliyekuwa akinipaka samli magotini huku akinisimulia habari za watu, na nikiifikiria nyumba bila maneno yale, usingizi ulikuwa unakatika.

Basi nikaamua kumwomba mwenyekiti wa chama mwenyewe. Na kwetu mtu haendi kuomba mikono mitupu, ndivyo nilivyolelewa, hivyo nikachukua kibuyu cha samli niliyoletewa na kaka yangu, ile iliyokaa, yenye harufu ya kuheshimika, nikakitia mkobani bila kumwambia Divine. Hapo ndipo nilipokosea; mengine yalifuata yenyewe.

Mlinzi wa getini akaniuliza, "Mukecuru, mama mzee, humu ndani iko nini?"

"Dawa ya magoti," nikasema (si uongo, si kweli).

Kwa uzee wangu wakaniketisha mstari wa mbele, karibu na dirisha kubwa la kioo, jua likaingia, samli ikaanza kuyeyuka, harufu ikatoka ikatembea ukumbini kama mgeni anayetafuta kiti, vijana wenye suti wakaanza kutazamana viatu, na mwenyekiti kule mbele anaeleza kwamba kiongozi mwema hapokei zawadi ya mtu (nilisikia, ndiyo, lakini nilijua anasema pesa, samli ni chakula).

Alipouliza kama kuna mzazi mwenye neno, niliinuka kabla ya wote, nikakiweka kibuyu mezani kwake, juu ya kitambaa cheupe, na kipaza sauti kiko wazi nikasema, "Mwanangu, Divine ni macho yangu. Mwache hapa Kigali. Na hii samli ni yako na watoto."

Mafuta yakaanza kutambaa kwenye kitambaa kuelekea kwenye tai yake. Akarudi nyuma na kiti chake kama aliyeona nyoka. "Mama, unataka nifukuzwe kazi?"

Watu wakacheka, simu zikainuliwa, na mimi badala ya kunyamaza nikamwambia, "Onja kwanza!"

Ndipo Divine akaja, hakukimbia, alitembea. Akakishika kibuyu, akasema mbele ya wote, "Nyogokuru, bibi yangu, nakuheshimu kuliko mtu yeyote humu. Lakini kwa njia hii kazi siitaki. Rudi nayo nyumbani."

Wakampigia makofi. Mjukuu wangu ananikatalia hadharani, na watu wanapiga makofi! Nilitamani sakafu ile yenye kung'aa inimeze pamoja na kibuyu.

Halafu mama mmoja mwenye miwani, mkubwa katika wilaya moja huko ziwani Kivu, akasimama. "Huyu namchukua mimi," akasema. "Aliyeweza kumkatalia bibi yake, nani mwingine atamshinda?"

Kwa hiyo mimi, niliyekwenda kumzuia, ndimi niliyemsafirisha.

Sasa hupiga simu Jumapili, ananiambia milima ya huko inateleza na watu wake ni wabishi, na mimi namkaripia avae sweta, maana nikisema lingine nitalia. Kwa mkubwa yeyote sitakwenda tena na kitu mkononi, hata ndizi moja. Nikiwa na la kuomba nitamwomba Mungu, ambaye harufu hazimsumbui.

Kibuyu kiko kabatini, nimekifunga vizuri. Magoti yananiuma, samli iko, ila mikono ya kuipaka iko Kivu.